Makasri ya Urusi na kikundi kidogo: hatua kwa hatua, kutoka viza hadi Chumba cha Kaharabu

Ratiba nyingi za safari za makasri ya Urusi zina ugonjwa mmoja: zimeshiba kupita kiasi. Asubuhi Peterhof, mchana Tsarskoye Selo, jioni Kasri la Majira ya Baridi, na kesho yake mengine mawili. Mtu anarudi nyumbani na mamia ya picha za kuta za dhahabu, na ukimuuliza ukuta huu ni wa wapi, anakuna kichwa.

Mwongozo huu unakwenda kinyume. Kasri moja kwa siku, kwa kufuata kwa kadiri miaka yalivyojengwa, na kikundi cha watu wasiozidi kumi na watano. Ukiyaona kwa mfuatano huo, unaona ukoo wa kifalme wa Romanov tangu Peter Mkuu alipouanzisha mji wa St Petersburg mwaka 1703 kwenye tope la mdomo wa mto Neva, hadi mjukuu wake wa mbali, Nicholas wa Pili, alipotolewa nyumbani kwake alfajiri moja ya mwaka 1917 na asirudi tena.

Hatua ya 1: Chagua msimu kabla ya kuchagua bei

Chemchemi za Peterhof hufunguliwa mwishoni mwa Aprili na kufungwa katikati ya Oktoba. Nje ya hapo Peterhof ni bustani nzuri yenye mabeseni makavu. Kwa hiyo ukitaka maji, msimu wako umeshajulikana.

Juni ndio mwezi wa "usiku mweupe". Jua huzama karibu saa nne na nusu usiku, huchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na kati ya hapo giza halikamiliki. Ni wakati mzuri wa kutembea kando ya mto na kutazama madaraja yakiinuliwa usiku wa manane ili meli zipite, lakini ni wakati pia ambapo dunia nzima iko kwenye foleni moja nawe. Kwa Waislamu, hili linaleta swali la sala ya isha na alfajiri. Jibu la wenyeji utalipata kwenye msikiti mkubwa wa mji, wenye kuba la buluu lililoigwa kutoka kaburi la Timur kule Samarkand, ulio hatua chache kutoka Ngome ya Peter na Paul. Msikiti hutoa ratiba yake ya sala, ichukue siku ya kwanza.

Mimi ningeenda wiki mbili za mwisho za Septemba. Maji bado yanaruka, foleni zimepungua, na miti ya bustani ya kasri la Pavlovsk imeanza kugeuka rangi ya njano na nyekundu. Beba koti la kuzuia mvua, kwa sababu mji huu uko kando ya Bahari ya Baltiki na mvua yake haipigi hodi. Desemba mchana hudumu kwa muda wa saa sita hivi tu, na sanamu nyingi za bustanini hufunikwa kwa masanduku ya mbao zisipasuke kwa baridi. Ndani ya makasri lakini hakuna msongamano, na theluji juu ya kuta za buluu si jambo la kudharau.

Jambo moja halitakusumbua: saa. Moscow na St Petersburg ziko saa ileile ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, mwaka mzima.

Hatua ya 2: Nyaraka, pesa na tahadhari

Viza ya utalii kwa kawaida huombwa kwa uthibitisho wa mapokezi kutoka kampuni ya utalii iliyosajiliwa Urusi. Mwandalizi wa safari yako ndiye anayeutoa, na asipoutoa mapema hiyo ni dalili mbaya. Ubalozi wa Urusi uko Dar es Salaam na Nairobi, nao ndio wenye neno la mwisho kuhusu masharti ya mwezi huo. Utatakiwa pia bima ya matibabu ya safari. Mpakani utapewa kadi ya uhamiaji, karatasi ndogo ambayo watu huitupa kama risiti. Usiitupe. Hoteli itakusajili kwa mamlaka, na karatasi ya usajili nayo uihifadhi pamoja na pasipoti.

Kuhusu pesa, hakuna kubahatisha. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko, si dukani wala kwenye mashine ya kutolea fedha. Lipia kila kitu kinachowezekana kabla ya kuondoka: hoteli, treni, tiketi za makasri. Za matumizi beba dola au euro taslimu, noti safi zisizochanika wala kuandikwa, ukabadilishe benki na si kwa mtu wa pembeni ya barabara. Hifadhi sehemu mbili tofauti.

Mtandao wa simu hukatwa mara kwa mara kwa sababu za usalama, na kusajili laini kwa mgeni kumekuwa na masharti marefu. Chapisha tiketi zako kwenye karatasi, pakua ramani kwenye simu kabla ya kufika, na andika anwani ya hoteli kwa herufi za Kirusi.

Sasa lile ambalo vipeperushi hulikwepa. Urusi iko vitani na Ukraine tangu Februari 2022. Viwanja vya ndege, vikiwemo vya Moscow na Pulkovo cha St Petersburg, hulazimika mara nyingine kusimamisha safari kwa saa kadhaa kwa hofu ya droni, kwa hiyo usipange kuunganisha ndege kwa muda mfupi. Soma ushauri wa wizara ya mambo ya nje ya nchi yako. Kuna sheria kali dhidi ya kauli zinazolihusu jeshi, kwa hiyo siasa iache nyumbani, na usipige picha askari wala mitambo yao. Halafu kuna wakala anayekwambia tiketi ni bure, viza ni ya utalii, na ukifika "kuna kazi". Kimbia. Wapo Waafrika, Wakenya miongoni mwao, waliojikuta jeshini kwa njia hiyo. Usitie saini karatasi yoyote ya Kirusi usiyoielewa, hata kama kalamu umeletewa na mtu mcheshi.

Hatua ya 3: Isome ratiba kwa jicho la mashaka

Kikundi kidogo kina faida moja kubwa ambayo haitangazwi sana: vyumba vya makasri ni vidogo kuliko unavyodhani. Kumbi za dansi ni kubwa, ndiyo, lakini chumba cha kulala cha malkia au ofisi ya mfalme huingia watu kumi wakaona, na watu arobaini wakaona migongo. Lakini neno "kikundi kidogo" halina kipimo rasmi. Uliza idadi ya juu, na uiombe kwa maandishi.

Kisha soma maneno ya ratiba moja moja.

"Kutembelea Peterhof" kunaweza kuwa na maana ya Bustani ya Chini tu, yaani chemchemi, bila kuingia Kasri Kuu wala nyumba ndogo za Peter. Tiketi ni tofauti kwa kila jengo. "Tsarskoye Selo" inaweza kuwa bustani na picha mbele ya lango. Uliza waziwazi: je, tunaingia Kasri la Catherine, na je, tiketi yetu ya kundi ina saa maalumu? "Hermitage, saa mbili", yaani jumba la makumbusho lililo ndani ya Kasri la Majira ya Baridi, ni kukimbia, si kutembelea. Na ukiona "kuona kwa nje", ujue basi litapunguza mwendo.

Muulize pia mwandalizi ni nani atakayeongea ndani. Makasri haya huruhusu waongozaji waliothibitishwa na jumba lenyewe, na mara nyingine kiongozi wako wa safari hunyamaza langoni na mwenyeji wa kasri huchukua nafasi. Waongozaji wa Kiingereza wapo wengi. Wa Kiswahili ni wa kutafuta kwa tochi, ingawa Kiswahili hufundishwa vyuo vikuu huko tangu enzi za Usovieti, na kikundi cha Waswahili watupu kina haki ya kuuliza.

Hatua ya 4: Panga siku kwa kufuata milango iliyofungwa

Kila jumba lina siku yake ya mapumziko, na hapa ndipo ratiba za kujitungia huanguka. Hermitage hufungwa Jumatatu. Kasri Kuu la Peterhof hufungwa Jumatatu, na pia Jumanne ya mwisho ya mwezi. Kasri la Catherine hufungwa Jumanne, na Jumatatu ya mwisho ya mwezi. Moscow, hazina ya Kremlin iitwayo Ghala la Silaha hufungwa Alhamisi. Thibitisha tena kabla ya kulipa, maana hubadilishwa kwa ukarabati na kwa shughuli za serikali.

Mpangilio unaokwepa vikwazo vyote hivyo na bado ukafuata historia ni huu: fika St Petersburg Jumanne na ulale. Jumatano Peterhof. Alhamisi Kasri la Majira ya Baridi. Ijumaa Tsarskoye Selo. Jumamosi Pavlovsk, kwa sababu ni kubwa na humeza watu wa mwisho wa wiki bila kulalamika. Jumapili asubuhi kasri la Yusupov, mchana treni ya Moscow. Jumatatu Kremlin.

Kabla hujaingia kasri la kwanza, zijue desturi zake. Koti na mkoba mkubwa huachwa kwenye chumba cha makoti mlangoni. Hakuna kubishana, hata ukisema una baridi. Sakafu ni za mbao za rangi mbalimbali zilizopangwa kwa michoro, na sehemu kadhaa utapewa soksi za plastiki za kuvalisha viatu. Viatu vya kisigino chembamba viache hotelini. Picha bila mwanga wa kamera kwa kawaida huruhusiwa, ila kuna vyumba vyenye sheria zao, angalia kibao mlangoni. Kila chumba kina mama mtu mzima kwenye kiti, naye huona kila kitu. Msalimie. Utapewa pia kifaa cha kusikilizia sauti ya mwongozaji masikioni, ambacho hukatika ukibaki nyuma vyumba viwili. Wanaopotea siku zote ni wapiga picha.

Hatua ya 5: Peterhof, anza na maji

Wakati wa kiangazi nenda kwa boti ya kasi kutoka ukingo wa Neva katikati ya mji, kama zinafanya kazi siku hiyo. Unatua kwenye gati, mbele yako mfereji umenyooka, na mwisho wake juu ya kilima liko kasri. Hivyo ndivyo Peter alivyotaka wageni wake waingie, kutoka baharini. Rudi kwa basi, maana foleni ya boti za jioni ni adhabu.

Jitahidi uwe mbele ya Mteremko Mkuu kabla ya saa tano asubuhi, chemchemi zake zinapofunguliwa kwa muziki. Katikati yuko Samson akipasua taya za simba, na maji yanaruka kutoka kinywa cha mnyama hadi mita 20 hivi. Simba ni Sweden, iliyoshindwa na Peter kwenye vita vya Poltava mwaka 1709 siku ya Mtakatifu Sampson. Sanamu unayoiona ni ya mwaka 1947. Ya kabla yake ilitoweka wakati wa uvamizi wa Wajerumani, ambao walikaa hapa kuanzia 1941 hadi Januari 1944 na kuliacha kasri likiwa magofu.

Muulize mwongozaji maji yanatoka wapi, kwa sababu hapo ndipo akili ya Peter inapoonekana. Hakuna pampu. Peter alikuwa ameitembelea Versailles mwaka 1717, ambako maji yalipandishwa kwa mitambo na hayakutosha, chemchemi zikawa zinafunguliwa mfalme anapokaribia na kufungwa akishapita. Yeye alichimba mifereji kutoka vilima vya Ropsha, zaidi ya kilomita 20, na maji yakashuka yenyewe kwa mteremko. Bustani ilifunguliwa rasmi Agosti 1723. Mfumo uleule ndio unaofanya kazi leo.

Kasri Kuu lenyewe lilipanuliwa na mbunifu Rastrelli kwa amri ya Elizabeth, binti wa Peter. Liingie, lakini ukilazimika kuchagua kati yake na Monplaisir, chagua Monplaisir. Ni nyumba ya matofali ya ghorofa moja iliyo ukingoni kabisa mwa Ghuba ya Ufini, yenye jiko la vigae vya Kiholanzi na madirisha yanayotazama maji. Hapo Peter alikuwa nyumbani. Ukishaiona, makasri yote yanayofuata utayapima kwayo, na utaona kizazi baada ya kizazi jinsi watoto na wajukuu walivyoiacha bahari na kuifuata dhahabu.

Kama mna watoto, wapelekeni kwenye chemchemi za mzaha: benchi, mwavuli na miti ya bandia ambayo humwaga maji bila onyo. Wabebeeni nguo za kubadili.

Hatua ya 6: Kasri la Majira ya Baridi, ukiwa na njia mkononi

Rastrelli tena, kati ya 1754 na 1762, tena kwa ajili ya Elizabeth, ambaye alikufa kabla ya kuhamia. Aliyelifaidi ni Catherine wa Pili, aliyeanza mwaka 1764 kununua michoro kutoka kwa mfanyabiashara wa Berlin, na ndiyo mwanzo wa Hermitage. Sasa makusanyo yana vitu zaidi ya milioni tatu. Huwezi. Usijaribu.

Mwambie mwongozaji kwamba mmekuja kuona kasri kwanza na michoro baadaye. Njia ninayoipendekeza huanzia Ngazi za Jordan, za marumaru nyeupe na dhahabu, ambazo mabalozi walipandishwa ili magoti yawalegee kabla hawajafika kwa mfalme. Kisha Ukumbi wa Vita vya 1812, ukuta mzima wa nyuso za majenerali waliomshinda Napoleon, michoro 332. Tafuta fremu 13 zilizozibwa kwa kitambaa cha kijani: majina yapo, nyuso hazipo, maana wengine walishakufa kabla ya kuchorwa na picha zao hazikupatikana. Kutoka hapo ukumbi wa kiti cha enzi, halafu saa ya tausi iliyotengenezwa na James Cox wa London, ndege wa shaba iliyopakwa dhahabu anayefungua mkia. Haiwashwi kila siku, uliza.

Malizia kwa Chumba cha Malakiti, nguzo za jiwe la kijani kutoka milima ya Ural. Chumba hiki hakikuwapo mwanzo: moto wa Desemba 1837 uliteketeza ndani ya kasri, na Nicholas wa Kwanza akaamuru lirudishwe kwa muda wa miezi kama kumi na mitano. Mlango wa pili kutoka hapo kuna chumba kidogo cha kulia. Usiku wa Oktoba 1917, kwa kalenda ya zamani, mawaziri wa Serikali ya Muda, iliyoshika nchi baada ya mfalme kuondoka, walikamatwa humo na Wabolsheviki, na saa iliyo juu ya meko ikasimamishwa ikionyesha saa nane na dakika kumi usiku. Ilibaki hivyo kwa karibu miaka mia moja, hadi ilipowashwa tena mwaka 2017. Ni chumba kidogo kuliko sebule nyingi za Masaki, na kundi la watu arobaini hupitishwa mlangoni tu. Nyinyi mtaingia.

Baada ya chakula cha mchana ndipo mgawane: wapenda Leonardo na Rembrandt wabaki, wapenda Matisse wavuke uwanja hadi jengo la Makao Makuu ya Jeshi, ambako kuna watu wachache zaidi. Chini kabisa, kwenye maghala, wanaishi paka wa kukamata panya, desturi iliyoanzia kwa amri ya Elizabeth ya mwaka 1745. Hawaonyeshwi kwa wageni, ila maduka ya kumbukumbu yamewageuza mtaji.

Hatua ya 7: Tsarskoye Selo, siku ndefu kuliko zote

Mji huu uko kilomita 25 hivi kusini mwa St Petersburg na jina lake la leo ni Pushkin. Ondokeni mapema, kwa sababu kuna makasri mawili na mwongozaji mvivu atawaonyesha moja.

La kwanza ni Kasri la Catherine, lililopewa jina la Catherine wa Kwanza, mke wa Peter, si yule wa Pili. Umbo lake la sasa, ukuta wa buluu na mweupe wenye urefu wa karibu mita 300, ni kazi ya Rastrelli miaka ya 1752 hadi 1756. Ukumbi Mkuu una zaidi ya mita za mraba 800, madirisha pande mbili na vioo kati yake. Simameni katikati, mzungumzaji anyamaze dakika moja.

Chumba cha Kaharabu, chenye kuta za kaharabu, ule utomvu wa miti wa kale ulioganda kama jiwe, huja baada ya msururu wa vyumba, na kundi hupewa muda mfupi. Kwa hiyo historia yake isikilizeni kwenye basi. Paneli za kwanza zilianza kutengenezwa Prussia, ufalme wa Kijerumani, mwaka 1701. Mfalme wake, Frederick William wa Kwanza, alimpa Peter paneli hizo zawadi mwaka 1716, naye Peter akamrudishia askari warefu, kwa sababu mfalme yule alikuwa na maradhi ya kukusanya askari warefu. Elizabeth alizihamishia hapa mwaka 1755. Mwaka 1941 Wajerumani walizibandua na kuzipeleka Königsberg, na mwaka 1945 zikapotea. Hadi leo watu wanazitafuta migodini na baharini. Chumba unachokiona kilianza kutengenezwa upya mwaka 1979 na kikafunguliwa Mei 2003, kwa kufuata picha za zamani na kwa tani kadhaa za kaharabu. Ukiwa ndani usitafute vitu vya kupiga picha. Tazama jinsi rangi inavyotoka asali hadi kahawia ya chai nzito, kipande kwa kipande.

Hapa ndipo swali la "hivi hiki ni cha kweli?" huibuka kwenye kila kundi. Kuna vyumba ambavyo picha za magofu ya 1944 zimetundikwa pembeni: paa halipo, theluji sakafuni. Karibu kila kitu unachokiona Tsarskoye Selo, Peterhof na Pavlovsk kimejengwa upya na mafundi wa Kisovieti na wa baadaye, na baadhi ya vyumba bado havijakamilika. Kwangu mimi hilo halipunguzi thamani. Mfalme aliagiza dhahabu kwa kodi ya wakulima wasio huru. Mafundi walioirudisha walikuwa watoto wa St Petersburg, mji uliozingirwa na Wajerumani siku 872 kwa njaa. Muulize mwongozaji awaonyeshe kipande kimoja cha asili na kimoja kipya vilivyo kando kwa kando, na mjaribu kuvitofautisha.

Kasri la pili, la Alexander, ni mwendo mfupi kupitia bustanini. Lilisanifiwa na Quarenghi kwa mjukuu wa Catherine wa Pili, na Nicholas wa Pili aliishi hapa tangu 1905. Kutoka hapa yeye, mkewe na watoto watano walipelekwa Siberia, Agosti 1917. Vyumba vyao vilifunguliwa tena mwaka 2021 baada ya ukarabati mrefu. Ulizeni kuhusu walinzi weusi wa milango ya kifalme, waliovaa suruali pana nyekundu na vilemba: waajiriwa wa mshahara, baadhi wakitoka Ethiopia na wengine wakiwa Wamarekani weusi. Waongozaji wengi hawalisemi wasipoulizwa.

Na tukiwa kwenye hilo, msiondoke bila kuona shule ya Lyceum iliyoungana na kasri, aliposoma mshairi mkuu wa Urusi, Alexander Pushkin, kuanzia 1811 hadi 1817. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, akafikishwa Constantinople, na kutoka huko akaletwa kwa Peter Mkuu, ambaye alimsimamia ubatizo na kumpeleka Ufaransa kusomea uhandisi wa kijeshi. Alipanda hadi kuwa jenerali. Wanahistoria bado wanabishana kama alitoka upande wa Eritrea na Ethiopia au karibu na Ziwa Chad. Pushkin mwenyewe hakuuficha ukoo huo, aliuandika kwa fahari. Mji ulipewa jina lake mwaka 1937, miaka mia moja baada ya kifo chake.

Hatua ya 8: Pavlovsk, siku ya kupumzisha macho

Baada ya Rastrelli, kuta za Pavlovsk zitakuonekania tulivu. Mskoti Charles Cameron alilianza mwaka 1782 kwa ajili ya Paul, mwana wa Catherine wa Pili, na mkewe Maria Feodorovna, na ladha yake ni Roma na Ugiriki: duara, nguzo, rangi hafifu. Bustani ina hekta 600 hivi. Asubuhi ingieni kasri, kisha mwongozaji awaache mtembee wenyewe.

Hadithi ya Pavlovsk ni ya wafanyakazi wake. Mwaka 1941, Wajerumani wakikaribia, hapakuwa na nafasi ya kuokoa kila kitu, wafanyakazi hao wakachukua kiti kimoja kutoka kila seti ili kiwe kielelezo cha kutengenezea vingine. Sanamu za bustanini walizifukia ardhini kwa kina kirefu. Kasri liliungua Januari 1944, lakini sanamu zilifukuliwa salama, na vyumba vya kwanza vikafunguliwa mwaka 1957, mbele ya makasri mengine yote.

Anayetaka kuona vitu vya asili visivyoguswa na vita aombe siku hii ibadilishwe na Oranienbaum, ambako Wajerumani hawakuwahi kuingia. Kasri la Kichina la hapo lina chumba chenye kuta za shanga ndogondogo za kioo. Ni mbali kidogo, na vikundi vingi haviendi, sababu ya kutosha ya kwenda.

Hatua ya 9: Yusupov, treni, na Kremlin

Kasri la Yusupov kando ya mto Moika halikuwa la wafalme bali la matajiri wao. Lina jumba dogo la maonyesho la dhahabu na wekundu, kamili kwa kila kitu. Watu wengi huja kwa ajili ya chumba cha chini, alikoalikwa Rasputin, mtu wa dini aliyekuwa karibu na familia ya Nicholas wa Pili, usiku wa Desemba 1916 na kuuawa. Chumba hicho, chenye sanamu za nta, kina tiketi yake ya pembeni na nafasi chache. Kama hamkukata mapema, mtaona ngazi tu.

Treni ya kasi ya Sapsan huchukua saa nne hivi kwa kilomita 650. Pasipoti halisi, si nakala, huonyeshwa mlangoni mwa behewa. Kwa chakula cha mchana na jioni, miji yote miwili imejaa mikahawa ya Wauzbeki na ya watu wa Kaukazi, yenye nyama halali na plov, ambayo ukiiona tu utajua ni binamu wa pilau yetu, ila karoti zimezidi na iliki haipo.

Ghala la Silaha la Kremlin huingiwa kwa zamu zenye saa. Nendeni moja kwa moja kwenye mayai kumi ya vito ya Fabergé, sonara wa wafalme, kabla zamu haijajaa, halafu kiti cha enzi cha fedha cha watu wawili, kilichotengenezwa kwa Ivan na mdogo wake Peter walipotawazwa pamoja mwaka 1682. Nyuma yake kuna tundu ambalo watu wazima waliwanong'onezea watoto hao la kusema. Peter huyo mdogo ndiye aliyekuja kujenga Monplaisir.

Ukibaki na mchana mmoja Moscow, panda metro hadi kasri la Tsaritsyno. Catherine wa Pili aliliagiza, akaja kulikagua mwaka 1785, hakulipenda, akaamuru livunjwe na lianzwe upya. Halikukamilika wakati wake. Paa na kumbi vilikamilishwa mwaka 2007, na wenyeji wengine hadi leo wananung'unika kwamba gofu lilikuwa zuri zaidi. Kuingia bustanini ni bure.

Hatua ya 10: Kuondoka

Kaharabu ya kununua ipo kila mahali, na ya plastiki ni nyingi. Ya kweli huelea kwenye maji yenye chumvi nyingi, kwa hiyo kama imeshikizwa kwenye fedha na huwezi kuijaribu, nunua kwenye duka la kasri lenye cheti. Picha takatifu za zamani, vitabu na sarafu za kale usizibebe bila kibali cha utamaduni, forodha hawana mzaha. Badilisha rubli zako zilizobaki kabla ya kupita ukaguzi. Fika uwanjani saa nne kabla ya ndege, karatasi ya usajili ikiwa ndani ya pasipoti na kadi ya uhamiaji juu yake, maana ofisa wa mwisho ataitaka.